Mkoloni Mmoja Mwenye Kofia

Katika Afrika Mashariki yote iliyokuwa chini ya Mwingereza, ni Kenya peke yake iliyoitwa koloni. Uganda ilikuwa himaya. Zanzibar, himaya. Tanganyika, baada ya Mjerumani kushindwa vita, ikawa eneo la udhamini. Hata sisi tulikuwa himaya tangu 1895, mpaka Julai 1920 jina lilipobadilishwa na watu wa London, tukaamka asubuhi tukiwa Koloni la Kenya. Ule ukanda wa maili kumi wa Pwani, kwa kuwa ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa karatasi, ulibaki himaya, ndiyo maana jina kamili lilikuwa refu hivi: Koloni na Himaya ya Kenya.

Hebu uliza mtu yeyote stendi ya Kitale leo tofauti ya koloni na himaya ni gani. Atakuangalia kama umepotea gari. Zote si ni mkoloni? Na mdomoni kweli ni mkoloni. Lakini kwa sheria tofauti ilikuwa kubwa sana. Mtu wa himaya, angalau kwa nadharia, ana nchi yake, na kuna mgeni amejitolea kumlinda bila kuombwa. Koloni ni mali. Ardhi ya koloni ni ya Mfalme. Haikuchukua muda Mahakama Kuu ikalisema hilo wazi, katika kesi ya Isaka Wainaina dhidi ya Murito: Waafrika wa koloni hili ni wapangaji wa Mfalme, wapangaji wa hisani, wa kuondolewa akitaka. Isome tena hiyo sentensi ukimfikiria mwenye nyumba wako pale Tuwani, halafu umvike taji.

(Kuhusu himaya: magazeti yetu hulitumia neno hilo hilo kwa ulinzi na kwa milki ya Kirumi. Anayekulinda na anayekumeza wana jina moja. Sijui aliyeanzisha hiyo alikuwa mcheshi au alikuwa tu amechoka.)

Nimelichukua neno koloni kwa sababu sasa liko kila mahali na halisemi kitu. Mwalimu mkali ni mkoloni. Mama mkwe ni mkoloni. Kampuni ya simu ikipandisha bei ya bando, ukoloni. Mtu akiongea Kiingereza cha puani kwenye TikTok, akili yake imetawaliwa. Sina shida na matusi mazuri, na hili ni tusi zuri. Shida yangu ni kwamba hapa kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, kitu chenyewe bado kipo, kina mipaka, kina hati, na hilo neno limechoka kiasi kwamba haliwezi tena kukinyooshea kidole.

Kamusi zetu zinalimaliza kwa mstari mmoja: nchi inayotawaliwa na nchi nyingine. Basi. (Ukikosea herufi moja mbili unajikuta korokoni, na hapo pia hujaenda mbali.) Kwa maana hiyo, koloni ni jambo la serikali. Kuna bendera, kuna gavana. Bendera ikishushwa na gavana akipanda ndege, hakuna koloni. Desemba 1963, mchezo umekwisha.

Halafu angalia tulivyolifanya neno mtu. Kwa Kiswahili cha kawaida cha Kenya hatusemi sana wakoloni. Tunasema mkoloni, umoja. Mkoloni alikuja. Mkoloni alichukua shamba. Mkoloni alileta kipande. Mkoloni akaondoka. Ni mtu mmoja, ana kofia pana, soksi ndefu na mbwa. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi anaweza kumchora. Na kwa vile ni mtu mmoja, akishaondoka ameondoka, haachi nyuma kitu isipokuwa chai ya saa kumi na jina la daraja. Sarufi imetufanyia kazi ambayo hakuna mwanasiasa angeweza kuifanya kwa hotuba: imefanya mfumo mzima uwe mgeni aliyerudi kwao.

Kwa Kilatini, neno lenyewe lilikotoka, colonia haikuwa nchi. Ilikuwa shamba, au tuseme mji wa mashamba. Mzizi wake ni kitenzi cha kulima na kukaa. Mkulima ni colonus. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa neno lao la utamaduni, kwa hivyo huko Ulaya utamaduni na koloni ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka shambani. Sisi utamaduni wetu umetoka kwa Mwarabu, na ndani yake kuna madina, mji. Nilipogundua hiyo nilikaa nayo wiki nzima. Wao wakisema utamaduni wanasikia jembe. Sisi tunasikia barabara na duka.

Warumi walikuwa na desturi. Askari akishamaliza miaka yake ya vita hapewi pesa tu, anapewa kipande cha ardhi kwenye nchi iliyotekwa. Anakaa hapo na wenzake, analima, anazaa, na kwa kukaa kwake tu analinda mpaka. Hiyo ndiyo colonia. Mji wa Cologne kule Ujerumani ni jina hilo tu, limesagika mdomoni kwa miaka karibu elfu mbili.

Sasa njoo Nairobi, 1919. Vita vya Kwanza vimekwisha. Serikali inaanzisha mpango wa kuwapa ardhi askari Wazungu waliopigana, na mashamba yanagawanywa kwa bahati nasibu, majina yanachezwa kwenye ukumbi wa Theatre Royal. Kuna walioshinda ekari mia na mia kama mtu anayeshinda jakipoti, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa huku kwetu, Trans Nzoia. Wale maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo na risasi za vita hivyo kutoka Taveta mpaka ndani ya Tanganyika, ile Kariakoo, hawakuwekwa kwenye bakuli. Walibaki kuwa majina ya soko, moja Nairobi, moja Dar es Salaam.

Kwa hivyo Kitale ilikuwa koloni kwa maana ya kizamani kabisa, ya Kirumi, mwaka mmoja kabla Kenya haijawa koloni kwa karatasi. Reli ilifika hapa 1926. Bungoma, kwa upande mwingine, haikuwa koloni kwa maana hiyo hata siku moja. Ilikuwa rizavu, mahali pa kuwaweka watu wanaohitajika karibu lakini si ndani. Mpaka 1902 sehemu hizi zote zilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Mzee aliyezaliwa Lumboka kabla ya vita vya Chetambe vya 1895 aliweza kuwa mtu wa Uganda, kisha mtu wa himaya ya pili, kisha mtu wa koloni, kisha raia wa jamhuri, na asihame kutoka kwa migomba yake.

Panda matatu kutoka Kitale uende Bungoma na ukae dirishani. Mpaka Kiminini bado unaona mashamba ambayo mwisho wake hauonekani vizuri, mahindi yamesimama mistari kama gwaride. Ukishapita Kamukuywa mambo yanabana. Vipande vinakuwa vidogo, nyumba zinakaribiana, kaburi liko kando ya jiko, muwa unapakana na mtama unapakana na choo. Kondakta hatakuambia umevuka mpaka wa koloni. Lakini umevuka.

Kuna neno la Kiswahili la watu waliokaa upande ule, na ni neno letu wenyewe: walowezi. Kulowea ni kukaa ugenini mpaka ukazoea, mpaka ukasahau kurudi. Sikio langu husikia kulowa ndani yake, maji kuingia kwenye nguo, ingawa hilo ni sikio langu tu. Neno hili lina picha ndani. Vitabu vya historia vya shule vinalitumia, wanafunzi wanalikariri kwa mtihani, halafu wakitoka nje ya lango wanasema setla. Kiluhya nacho kina omumenya: mtu anayekaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake, kwa ruhusa, kutoka kwa kitenzi cha kukaa. Mgeni mwenye adabu. Sheria ya koloni ililipindua hilo neno miguu juu. Aliyekuja bila ruhusa akawa mwenye hati, na aliyekuwa hapo, au aliyevuka kutoka rizavu kutafuta kazi, akawa skwota, mwenye kuruhusiwa kulima kajishamba na kufuga ng'ombe wachache mradi atoe siku zake nyingi za mwaka kwa bwana shamba. Kwa Kiswahili tulikubali kuitwa skwota. Sijawahi kumsikia mtu akimwita setla skwota, ingawa kwa maana kavu ya neno hilo ndiye.

Hapa niingize kitu kutoka maabara. Nilisoma mikrobiolojia mpaka mwaka wa pili kabla sijatoka chuo, na katika vitu vichache nilivyotoka navyo ni picha ya koloni la kwanza nililoliona: kitone cheupe, duara kamili, juu ya agari. Bakteria mmoja anagawanyika wawili, wawili wanne, na E. coli akiwa kwenye joto zuri hufanya hivyo kila dakika ishirini hivi. Asubuhi ukifungua kuna kitone unachoweza kukiona kwa macho. Hilo ndilo koloni. Unahesabu vitone, na ukipata kati ya 30 na 300 unaandika. Chini ya hapo ni wachache mno, juu ya hapo wamebanana huwezi kuwaamini.

Nililipenda neno hilo hapo kwa sababu lilionekana safi. Hakuna gavana. Ni uhai tu unaongezeka. Mhadhiri alisema bakteria fulani wamefanya koloni puani mwa mtu na hakuna aliyecheka. Baadaye nikaanza kuona ubaya wake. Wanasayansi wa Ulaya walilichukua neno la watu wanaokaa kwenye ardhi ya wenzao wakalipa viumbe wasio na nia, halafu neno likarudi kwa wanadamu likiwa limeoshwa. Ukizoea kusema koloni la nyuki, koloni la mchwa, koloni la bakteria, unaanza kusikia koloni la Waingereza kama jambo la hali ya hewa. Walikuwa wengi, walipata mahali pa joto, wakaongezeka.

Na mtu aliyefanya makoloni ya bakteria yaonekane vizuri, Robert Koch, alikuja huku. Ndiye aliyefundisha dunia, miaka ya 1880, kuotesha vijidudu juu ya kitu kigumu ili kila aina ikae peke yake. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, akitibu ugonjwa wa malale uliokuwa ukimaliza watu wa ziwa. Dawa yake iliitwa atoxyl, ina aseniki ndani. Haikuponya, akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Ushauri wake mwingine ulikuwa kuwakusanya wagonjwa kambini, mbali na wazima. Sisemi Koch alikuwa shetani. Malale yalikuwa yanaua kweli. Nasema tu kwamba mtu yule yule aliyejua kutenganisha vitone kwenye sahani alitazama kisiwa akaona sahani. Ni vigumu kwangu kusema hizo ni maana mbili tofauti za neno moja.

Hapa kwetu maana hizo mbili zinakaa kwenye uwanja mmoja, na kiingilio si ghali. Makumbusho ya Kitale yalianzishwa 1926, mwaka ule ule wa reli, na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu. Alikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vifaa vya watu. Alipofariki 1966 aliacha mkusanyo wake kwa taifa, na 1974 jengo jipya likafunguliwa. Ndani kuna wadudu waliochomwa pini, kila mmoja na jina lake la Kilatini. Nje kuna mifano ya boma za kienyeji: la Wabukusu, la Wanandi, la Waluo, na mengine. Wanafunzi huletwa kwa basi, wanatembea kutoka kwa pini mpaka kwa nyumba ya nyasi ya babu zao, dakika tano.

Nayapenda haya makumbusho, niseme ukweli, kuliko mengi ya Nairobi yenye taa nzuri. Lakini utaratibu wake ni maandishi na unasomeka. Kilichokusanywa kinaonyeshwa, aliyekusanya ni jina tu. Ningetaka siku moja, katikati ya boma zile, nikute boma la setla. Veranda. Kengele ndogo ya kumwita boi. Daftari la siku za kazi za skwota. Kibao chenye maelezo kwa sauti ile ile ya upole: jamii hii ilifuga mbwa, ilipenda waridi, wanaume walikunywa pamoja jioni klabuni na kulalamika juu ya wafanyakazi.

Kuka wangu, baba ya mama, alizaliwa kwenye shamba la setla upande wa Endebess. Neno koloni kwake lilikuwa wakati, si mahali: "enzi za koloni" ilimaanisha kabla hajaoa. Mahali alipokaa baada ya hapo, mpaka anafariki, alipaita skimu. Niko skimu. Rudi skimu kabla ya mvua. Nilikuwa mkubwa kabla sijajua kwamba skimu si jina la kijiji.

Skimu ndilo neno ninalotaka tulisikilize. Kuanzia 1962 serikali, kwa mikopo iliyotoka hasa Uingereza na Benki ya Dunia, ilianza kununua mashamba ya masetla waliotaka kuondoka, ikayakata, ikayauza kwa Waafrika. Ule mpango wa ekari milioni moja. Sikia vizuri: ikayauza. Watu walilipishwa, kwa mkopo, ardhi ambayo Mfalme aliichukua bure na askari wake wakaipata kwa bahati nasibu. Kanuni iliitwa muuzaji aliye radhi na mnunuzi aliye radhi, na ndani ya maneno hayo hakuna mahali pa kumweka mtu asiye na senti. Mashamba mengine makubwa hayakukatwa. Yaliingia kwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa 1965, mengine yakapata wenyewe wapya wenye majina yanayosikika redioni.

Ukitafuta tafsiri ya kweli ya lile neno la Kilatini kwa Kiswahili cha Kitale, si koloni. Ni skimu. Watu wanaochaguliwa na serikali, wanawekwa kwenye ardhi iliyopimwa, wanapewa masharti, na kwa kukaa kwao wanathibitisha kwamba mwenye kupima ndiye mwenye nchi. Hilo halimfanyi kuka wangu kuwa mkoloni. Angenichapa kwa fimbo kusikia hivyo, na kwa haki. Lakini linaeleza mbona chuki za skimu hazifanani na chuki za kijiji cha kawaida. Kule Mlima Elgon, upande wa Bungoma, skimu ya Chebyuk ilianza miaka ya 1970 kama suluhisho, na ugawaji wake ndio uliowasha vita vya 2006 mpaka 2008. Nani yumo kwenye orodha, nani ameondolewa. Sitaandika zaidi juu ya hiyo hapa. Kuna watu wanaosoma gazeti hili walizika.

Fasihi yetu imelifanyia nini hili neno? Mwandishi wa huku anayejulikana zaidi kwa Kiswahili ni Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, aliyefariki Nairobi Aprili 2020. Katika Siku Njema alimfanya kijana wa Tanga asafiri mpaka Kitale kumtafuta baba, na kwa msomaji wa hapa raha ya kwanza ya kitabu kile ni kuona mji wako ukiwa mwisho wa safari badala ya mwanzo. Lakini kitabu cha koloni ni Kidagaa Kimemwozea, kile tulichosoma kama setbuku. Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko anatawala baada ya uhuru, ananyakua ardhi za watu kwa hati bandia, na mkasa wa Amani unaanzia hapo. Yeyote aliyekulia Trans Nzoia hahitaji mwongozo kujua Sokomoko iko wapi.

Walimu wetu walitufundisha kuandika "ukoloni mamboleo" kama dhamira, nukta mbili, mfano mmoja. Alama tulipata. Nimekisoma tena mwaka huu, na nadhani kitabu ni kizuri kuliko tulivyofundishwa, na pia kina ugonjwa ule ule wa mkoloni mwenye kofia. Walibora anajua vizuri jinsi karatasi inavyoiba: hati ya shamba inaibwa upande mmoja, mswada wa Amani unaibwa na Mwalimu Majisifu upande wa pili, na uzuri mkubwa wa riwaya ni kuona kwamba ni wizi mmoja. Hapo ninamvulia kofia. Lakini Mtemi anafanywa mbaya hivi, mbaya kitandani, mbaya barabarani, mbaya mezani, mpaka ubaya wote wa nchi unaingia ndani ya suti yake. Akijiua, hewa inakuwa safi. Ardhi inanyooka. Msomaji anafunga kitabu amepumua, na ofisi ya ardhi haijaguswa. Ningependa riwaya ambayo Mtemi ni mtu mpole, anaenda kanisani, analipa karo za watoto wa wenzake, na hati bado ni bandia.

Kuna mtu mmoja wa huku ambaye hakudanganywa na kofia. Elijah Masinde, wa Kimilili, mwanakandanda aliyewahi kuichezea Kenya, ndiye aliyeongoza Dini ya Musambwa. Serikali ya koloni ilimpeleka Mathari mwaka 1945, hospitali ya wagonjwa wa akili, ikamwachilia 1947. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati pale Malakisi wakaua watu, dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa akapelekwa kizuizini, Lamu na kwingine, kwa zaidi ya miaka kumi. Koloni lilikuwa na makoloni yake madogo ya adhabu ndani yake, kama kile Kafka alichokiandikia hadithi, tofauti ni kwamba ya Lamu yalikuwa na upepo wa bahari.

Kinachonivutia ni baada ya hapo. Uhuru ulikuja. Masinde akaendelea kusema yale yale aliyokuwa akisema. Mwaka 1968 serikali ya Kenyatta ikaipiga marufuku dini yake tena, na yeye akaingia na kutoka jela za jamhuri mpaka uzeeni, alifariki 1987. Vitabu hupata shida na sehemu hii ya pili. Shujaa aliyempinga mkoloni anaeleweka. Yule anayefungwa na serikali ya weusi inabidi awe mkaidi, au yule mgonjwa wa Mathari. Ukikubali kwamba koloni ni mtu, Masinde baada ya 1963 ni kichaa. Ukikubali kwamba ni namna ya kuigawa ardhi, alikuwa tu na kumbukumbu nzuri.

Nikirudi kwetu sisi tunaoandika mtandaoni. Mimi hulipwa kwa maneno, na wateja wengi wako ng'ambo siwaoni. Rafiki zangu wawili Bungoma hufanya kazi ya kuweka alama kwenye picha ili kompyuta za watu zijifunze kutofautisha gari na ng'ombe. Tukikaa tunaiita ukoloni wa kidijitali, tunacheka, tunaendelea. Sina uhakika kama ni jina sahihi. Hakuna anayekaa kwenye ardhi yetu, hakuna anayetupima mipaka. Anachotaka ni vidole vyetu na usiku wetu. Kiswahili kina neno la zamani na la wazi kwa hiyo, nalo ni unyonyaji. Sioni kwa nini tuazime koloni, labda kwa sababu koloni lina heshima ya historia na unyonyaji unasikika kama mhadhara wa chama cha wafanyakazi.

Vivyo hivyo na akili. Tangu Ngũgĩ alipoandika juu ya ukoloni wa akili, 1986, tumepata lugha ya kuongea juu ya majina yetu, nywele zetu, lafudhi zetu, na ilikuwa haki yetu kuipata. Ila nimeona kwenye mabaraza yetu ya vijana jinsi hiyo ilivyo rahisi kuliko ile nyingine. Kuacha jina la Peter hakuhitaji mpimaji. Yeye mwenyewe Ngũgĩ hakutenganisha hivyo. Vitabu vyake vimejaa mashamba yaliyopotea. Sisi ndio tuliochukua akili tukaacha udongo, kwa sababu wengi wetu, na mimi nimo, hatuna udongo wa kuongelea. Ekari mbili na nusu za skimu, zikigawanywa kwa watoto saba na wajukuu wasiohesabika, hazifiki kwangu.

Kwa hivyo ninapoandika siku hizi nimejiwekea sheria ndogo. Mahali ambapo kidole kinataka kuandika mkoloni alichukua ardhi, najilazimisha kutaja kilichochukua: sheria ipi, mwaka gani, kwa muda gani. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala akisema inasomeka kama faili ya mahakama, si ungesema tu wakoloni, watu wataelewa. Nilimjibu kwa mfano wa Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915. Kabla yake setla alikodishiwa shamba kwa miaka 99. Sheria hiyo ilifanya iwe 999. Katiba ya 2010 ndiyo iliyorudisha ukodishaji wa asiye raia mpaka miaka isiyozidi 99. Bila hiyo, askari aliyechezwa jina lake Theatre Royal mwaka 1919 akapata shamba Trans Nzoia kwa masharti hayo, mkataba wake ungekwisha mwaka 2918.

Mhariri alikata aya hiyo. Akaacha mkoloni.